Majani ya Ng'ombe wa Ngowa

Ngowa alikuwa amewaacha waendesha baiskeli wote nyuma, amevuka daraja la Mto Sabaki na kuumaliza mlima, alipomwona mama mkwe wake kando ya barabara, ana mzigo wa majani kichwani.

Akakamata breki.

Mbele ulibaki mteremko mtupu, kisha Nguzo ya Vasco da Gama, na chini ya nguzo ng'ombe wa maziwa, zawadi ya mshindi. Lakini mkwe hapitwi na mtu aliye juu ya baiskeli. Ngowa akashuka, na aliposhuka ndipo alipoikumbuka kaptura yake ya mashindano, iliyombana kama ganda la muhogo. Upesi akavua kofia ngumu, akaishika mbele kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Mama mkwe alikuwa akiyatazama mawingu. "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na kikohozi cha yule mdogo?"

"Kimepoa, mama."

"Na kuku?"

Jasho likamdondoka Ngowa ndani ya kofia. Huko nyuma, minyororo ya baiskeli ilianza kusikika ikiupanda mlima.

Mama mkwe akageuka polepole, majani yasije yakamwagika. "Wale ni wenzio?"

"Ndio, mama. Tunashindania ng'ombe."

"Najua. Si haya majani nimemkatia yeye?" Akatabasamu. "Basi wangoje, baba, mwende pamoja. Ng'ombe yuko kambani, hakimbii."