Ngumi ya Bluu

Kwenye maonyesho ya shule, mwalimu wa nidhamu aliinamia picha ya vipande aliyoibandika Kidevu hadi miwani yake ikakaribia kugusa gundi.

Bweni zima lilijua picha hiyo ilitoka wapi. Kidevu alinyang'anywa vitabu vyake vya katuni, akaviiba kutoka kabati la mwalimu huyohuyo, akavikatakata. Joho la shujaa likawa mawimbi, milipuko ikawa maua, na nyuso zote zikabaki rangi tupu. Kuvunja kabati la mwalimu ni kosa la kufukuzwa shule.

"Hii ni nini?"

"Sanaa dhahania, mwalimu," Kidevu alijibu kwa sauti ya msibani. "Ni mahangaiko ya binadamu."

Kidole cha mwalimu kilitambaa juu ya karatasi, kikasimama penye kipande cha bluu kisichozidi ukucha.

"Ngumi hii naijua."

Aliwatupia jicho wageni wa maonyesho, kisha akamsogelea Kidevu sikioni.

"Nilimwacha shujaa amefungwa kwenye reli, treni inakuja. Alitoka?"

Kidevu aliweka mikono nyuma, kama mkuu wa shule siku ya hotuba.

"Inategemea, mwalimu. Mimi nafukuzwa?"