Kipande cha Shati

Salama alikuwa akimsomea mumewe riwaya ya mapenzi na majini aliyoiazima kwa jirani yao, Mwanahawa. Hii ilikuwa wiki ya tatu Hamadi hajainua kichwa kitandani, na madaktari hawakuona ugonjwa. Hadithi ilifika pale mchawi anapokata nguo ya mwanamume anayemtaka. Salama akafunua ukurasa uliofuata. Katikati palikuwa na kipande cha kitambaa cha mistari ya buluu, na kifungo chake. Kilikuwa cha shati la Hamadi, ambalo Salama alikuwa amelitafuta mwezi mzima.

"Mbona umenyamaza?" Hamadi aliuliza, macho kayafumba.

"Hodi!" Mwanahawa aliita mlangoni. "Kitabu changu umekimaliza, shoga?"

Kabla Salama hajajibu, Hamadi aliinuka mwenyewe, akaketi, akaanza kuzilaza nywele zake kwa kiganja.