Shimo la Buku Lisilo na Ufa

Alikuwako Buku, panya mwoga, aliyeziba kwa udongo kila ufa wa shimo lake ili Nyoka asiwafikie wanawe, na kila mara akiwaambia wanyamaze asije akawasikia. Akamwita Mchwa, fundi wa vichuguu, aje kulikagua. Mchwa alipoingia tu, Buku akaziba na mlango.

“Tazama wanangu walivyotulia, fundi. Hofu imewaisha.”

Mchwa akamgusa mmoja. Hakutikisika.

“Hawakutulia, mama. Hewa imewaishia. Fungua!”

“Nyoka yuko mlangoni, namsikia!”

Mchwa akapanda juu, akatafuna udongo mpaka vikatokea vitundu vyembamba kama bua la nyasi. Upepo ukashuka. Mtoto mmoja akapiga chafya, kisha wote wakaangua kilio.

Nyoka akajaribu kitundu kimoja. Ulimi ukapita, kichwa kikakwama.

Tangu siku hiyo Buku hakuwaambia tena wanawe wanyamaze.