Kiberiti cha Kibandani

Baada ya wiki sita za kusafiri peke yake kwa mashua ya tanga kando ya pwani ya kaskazini yenye barafu, Msellem alikaribishwa supu na mjane wa bandarini aliyekuwa akifuma sweta nyekundu.

"Kile kibanda cha kisiwani ni chetu sote," mama alisema. "Ukichoma kuni, unapasua nyingine kabla ya kuondoka. Juzijuzi mkwe wangu alifika kalowa chapachapa, hakukuta hata kijiti cha kuni, wala kiberiti ninachokiachaga pale. Baridi imemla vidole viwili, vikakatwa."

Msellem aliweka kijiko chini. Ni yeye aliyezimaliza kuni zile alipolala humo, akang'oa nanga bila kugusa shoka.

"Jiko limezimika. Una kiberiti, mwanangu?"

Angeweza kusema hana. Alikitoa mfukoni kile alichokibeba kibandani, kimefungwa uzi mwekundu, akakiweka mezani. Mama alinyoosha mkono akichukue, uzi uleule wa sweta umemzunguka kidoleni, na mkono ukasimama.