Mzee Sebwana Avuka Barabara

Tangu duka lake lifungwe kwa kukosa wateja, Mzee Sebwana hakuwahi kukanyaga supamaketi iliyojengwa mkabala nalo. Lakini asubuhi ile mkewe, aliyekuwa akiugua, aliamka na hamu ya uji wa ulezi, na unga wake haukupatikana kwingine mtaani. Mzee akavaa kofia, akavuka barabara.

Ndani alizunguka kati ya rafu ndefu asijue aanzie wapi. Mwanamke mmoja aliyevaa sare akamkaribia.

"Shikamoo, Mzee Sebwana."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe wanijua?"

"Mimi Zawena, wa Mama Chiku. Ulikuwa ukininyanyua juu ya kaunta nichague peremende mwenyewe. Sasa mimi ndiye meneja hapa. Kazi hii niliipendea dukani kwako."

Mzee akataja unga wa ulezi tu. Zawena akamtafutia unga, akamsindikiza kulipa, kisha akamfikisha mlangoni.

"Ahsante, mwanangu," Mzee akasema hatimaye. "Nilidhani mmenisahau."

Zawena aliporudi kazini, Mzee hakuondoka mara moja. Alisimama kando ya mlango, unga kaukumbatia kifuani, akawa anampokea kila mteja kwa sauti yake ya dukani: "Karibu, karibu ndani."