Utando wa Bi Nata

Hivi wewe unamjua yeyote anayefanya kila kitu mwenyewe? Vijidudu wa kibuyu kimoja cha maziwa walidai ndivyo walivyo: kila mmoja anasaga sukari yake, anatengeneza utando wake wa kujishikiza ukutani. Bi Nata peke yake aliacha kusaga. Alitengeneza utando tu, akala yaliyowadondoka wenzake.

"Mvivu mkubwa!" akafoka Mzee Tambo. "Leo unahama. Mimi simtegemei mtu!"

"Haya, baba. Ila nahama na utando wangu."

Akaanza kuukunja. Mara mwenye kibuyu akamimina maziwa yote, akatia maji ya kusuuza, akatikisa kwa nguvu. Wote wakateleza kuelekea mdomoni mwa kibuyu, Tambo akiwa mbele.

"Nata, mwanangu, tandaza!"

Nata akatandaza upesi. Wakanasa wote, maji yakatoka bila hata mmoja wao, maziwa mapya yakamiminwa juu yao. Shangwe!

"Na tando zenu ziko wapi?" akauliza Nata.

Hakuna aliyekuwa na wake. Tambo akakohoa.

"Mimi niliacha kutengeneza siku nilipoona wako unatutosha," akasema. "Tangu hapo nasaga sukari tu, ya kwangu na ya kwako."