Mguu wa Kushoto

Mama mkwe alikuwa amekwisha kunoa wembe. Pembe ya kuumika ilikuwa pajani mwake.

"Lete mguu, Khalayi. Damu mbaya itoke, kesho ucheze ngoma ya Uhuru na wenzako."

Khalayi akanyoosha miguu yote miwili mkekani. Mishipa ya buluu ilimtokea wakati wa mimba ya mtoto wake, ikajikunjakunja, wala haikuwahi kumsumbua. Lakini tangu asubuhi shavu la mguu wa kushoto lilikuwa limevimba, jekundu, na mshipa mmoja umekuwa mgumu kama kamba.

"Mama, hebu shika mwenyewe. Huu, halafu huu."

Mama mkwe akashika wa kulia. Akashika wa kushoto, akauondoa mkono upesi.

"Mishipa inatokanga kwa kila aliyezaa," akasema. "Hata mimi ninayo."

"Yako inachomanga hivi?"

Mama mkwe akapeleka kidole kuugusa tena ule mshipa.

Khalayi akavuta mguu wake, akajifunga leso. "Naenda hospitali. Mshipa huu haukatwi kwa wembe."

"Na Uhuru?"

"Uhuru utanikuta kwa daktari."

Mama mkwe akatupa wembe ndani ya pembe, akambeba mjukuu mgongoni, akaikokota baiskeli ya mwanawe hadi mlangoni.

"Panda nyuma. Kuendesha sijui, lakini kusukuma najua."